Safu ya Kulia

Nilichora mstari katikati ya ukurasa,
kushoto Kisumu, kulia Nairobi,
nikaandika kwa kalamu ya ofisi,
maana mimi ni karani wa bima,
kazi yangu kutia bei ajali za watu.

Kodi: Migosi, vyumba viwili, elfu kumi na tatu,
na mpera wa jirani ukimwaga matunda upande wetu wa ua.
Zimmerman, chumba kimoja, kumi na saba,
na dirisha linalotazama dirisha.
Amana ya nyumba. Amana ya stima. Amana ya maji
ambayo hayaji ila Jumanne na Ijumaa,
tena usiku, kama mdaiwa.
Nyanya: kule ishirini ni fungu,
hapa ni tatu, na moja ina jeraha.
Gesi huisha Jumapili. Sijui kwa nini, lakini ni Jumapili.

Mshahara ulipanda elfu kumi na tano.
Dada yangu Aketch akapiga hesabu kwenye simu,
akanyamaza, kisha:
"Kumbe umehamishwa ili uwapitishie wengine pesa."

Lakini kuna jambo sikumwambia Aketch.
Kisumu nikinunua soda pale Kondele
mama alikuwa ameshajua kabla sijaifungua.
Talaka yangu ilifika saluni kabla yangu,
ikachanwa, ikasukwa, ikafungwa kwa uzi.
Hapa napanda orofa nne bila jina.
Mlinzi ananiita Nne B.
Kutojulikana, nikaandika kulia: bure.
Nikapigia mstari, mara mbili.

Kisha Juni, baridi ya kugonganisha meno, homa ikanilaza.
Jumatatu nilifungua mfereji, ukakohoa, ukakauka,
nikausahau wazi.
Saa nane usiku maji yakaja
na ukarimu wa mwaka mzima,
yakajaza karai, yakavuka kizingiti,
yakateremka kwa Tatu B bila kubisha.

Yeye alibisha.
Kwa kiganja kwanza, halafu kwa ngumi,
leso kifuani, ndoo ya buluu mkononi:
"We! Godoro la mtoto wangu limelowa, yaani wewe—"
akaniona nimeng'ang'ania fremu ya mlango,
akaimeza sentensi iliyobaki.

Alipiga magoti akapangusa sakafu yangu,
huku akiendelea kunigombeza,
kwa Kikamba pale nisipopaswa kuelewa.
Akachemsha tangawizi kwenye sufuria isiyo na mfuniko.
Kulipokucha akauliza,
"Mimi ni Mutheu. Wewe?"
Miezi saba sikuwa nimeulizwa.
"Akumu," nikasema,
na jina likakwaruza kama mlango wa stoo.

Hasara nimeshaikadiria, ndiyo kazi yangu.
Godoro: elfu mbili na mia nane,
nililipa kwa simu kabla ya saa tatu.
Zulia langu halikuwa na thamani tangu dukani.
Usingizi wa mtoto, jedwali halina.
Magoti ya Mutheu
nimeandika, nimefuta, nimeandika.
Kule wangekuja kumi, na uji, na maswali.
Hapa alikuja mmoja, na hasira,
na sijui mstari wangu nimpitishie wapi.

Ndoo yake bado iko chini ya sinki.
Haiwezi kurudi tupu, kwetu hatukulelewa hivyo.
Leo ni tarehe ishirini na tatu.
Nimesimama kibandani kwa muuza njugu
na ndoo ya lita kumi
na mia mbili mfukoni.
Nauliza bei. Naambiwa.
Nauliza tena, huenda nilisikia vibaya.